Mwaka Tuliomsubiri Khala Rahma

Mama alinipigia simu nikiwa kazini, akanipa habari tatu: mashine ya kufulia imeharibika, papa (ndivyo tunavyomwita baba) anakohoa, na "ule mama wa mbele amekufa." Alisema hivyo hivyo, ule mama wa mbele, utadhani anamzungumzia mpangaji aliyehamia juzi. Nikamuuliza, "Maman Béa?" Akarudi kwenye kikohozi cha papa.

Mazishini nilikwenda peke yangu. Mama alisema ana kazi. Kanisa lilijaa watu wa kwao Bukavu, wakiimba kwa sauti za kukupasua kifua, nami nilikaa safu ya mwisho karibu na mlango kama mtu anayekusudia kutoroka. Tulipotoka, mwanawe wa kiume akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunishukuru kwa kuja. Shukrani ile ilinichoma kuliko tusi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizungumza peke yangu ndani ya treni ya metro, na nimeona afadhali niseme na watu, hasa ninyi wa rika langu mliokulia huku, mliowasomea wazazi wenu barua za serikali hata kabla meno ya utoto hayajawaisha kinywani. Ninyi mtanielewa upesi, ingawa sina hakika kama mtanihurumia.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa ghorofa ya saba, Anderlecht, hapa Brussels, kwenye jengo la komini, yaani halmashauri ya mtaa, ambalo ngazi zake zilinuka sabuni ya maji na vitunguu vya watu wa mataifa kumi na mbili. Dirisha la jikoni lilitazama maghala, na papa alifanya kazi katika mojawapo, hivi kwamba nikichungulia vizuri niliweza kuona baiskeli yake imefungwa kwenye uzio. Mama alikuwa akienda mtaa wa Uccle kila siku kumhudumia bibi mmoja wa Kibelgiji, mzee sana, mwenye nyumba iliyozungukwa na miti na kabati lililojaa dawa.

Mama alizaliwa Bujumbura, katika ukoo wa Wamanga, Waarabu ambao babu zao walitoka Oman zamani kuuza nguo na chumvi, wakaoa huko, wakasahau Kiarabu, wakabaki na Kiswahili. Vita vilipokuja, familia ilitawanyika. Mama alimfuata papa Ubelgiji. Wengine walirudi Oman, kama kunaweza kuitwa kurudi, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga huko. Mdogo wa mwisho wa mama, Rahma, alibebwa mgongoni akiwa mtoto wa miezi sita, akakulia Sib, karibu na Maskati. Kwa hiyo kitinda mimba na dada yake mkubwa walijuana kwa simu tu. Mimi nilimwita khala, kama wanavyowaita huko dada za mama.

Khala Rahma alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na alitaka kitu kimoja duniani: kuwa mfamasia. Bibi yangu, mama yao, aliishi naye, na bibi alikuwa na maradhi mengi, basi khala alijua majina ya dawa kama wenzake wanavyojua majina ya wachezaji. Kwao alikosa nafasi ya chuo kikuu kwa alama chache. Alikaa nyumbani miaka miwili, asubuhi akimpa bibi vidonge, mchana akimsaidia kaka yao Saidi katika duka la mapazia. Wazo la Ubelgiji lilikuwa la mama. Maombi yakapelekwa, na chuo kikuu kimoja cha hapa Brussels kikajibu kwamba atapokelewa, lakini kwa mwaka ule tu. Mjomba Saidi naye akatoa neno lake: atampa mwaka huo mmoja, na ikishindikana, atashika duka na hadithi za chuo ziishe. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mapazia yanataka mtu anayejua hesabu.

Sasa, kila anayetoka mbali kuja kusoma Ulaya anajua kwamba mtihani wenyewe si wa darasani. Mtihani ni karatasi. Vyeti vya shule vitafsiriwe, vipigwe mhuri, mhuri nao upigiwe mhuri. Cheti cha polisi kwamba hukuiba, cheti cha daktari kwamba hukohoi. Papa alitia saini komini kuwa mdhamini, kwamba Rahma atakaa kwetu na kula kwetu. Kisha kulikuwa na mahojiano ubalozini, kwa Kifaransa, na Rahma Kifaransa chake kilikuwa *bonjour* na *merci*.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Mama hakuwa na muda, na Kifaransa cha papa kilitosha ghalani tu. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa kusoma. Basi kila siku nikitoka shule niliegemeza simu kwenye chupa ya mafuta pale juu ya meza ya jikoni, na uso wa khala ukatokea, nyuma yake majora ya vitambaa na feni inayozunguka. Hatukuwa na vitabu. Lakini mama alikuwa ameanza kuniletea vikaratasi vile vinavyokunjwa ndani ya maboksi ya dawa, kutoka kwa bibi wa Uccle, na khala alivitaka hivyo kuliko kitabu chochote. Nilivinyoosha kwa kiganja, nikavishika mbele ya kamera, nikasoma mstari, naye akarudia. Hata leo nikifungua boksi la dawa nikasikia ile harufu ya karatasi nyembamba na wino, naona jiko letu lote.

Nilikuwa mwalimu mkali, Mungu anisamehe. Akikosea mara tatu nilimsimamisha.

"Mwalimu wangu, nihurumie, miguu yaniuma," alikuwa akisema, amesimama kweli kule dukani, wateja wakipita nyuma yake.

"Sema kwanza vizuri."

Akasema. Ilifika siku ambapo khala aliweza kusema kwa Kifaransa safi, "Mjulishe daktari wako iwapo una matatizo ya ini au ya figo," na bado hakujua kuomba glasi ya maji. Tulicheka mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Nataka mjue kwamba tulicheka, kwa sababu baada ya hapo sina kicheko kingi cha kuwapa.

Karatasi zilianza kutushinda mwezi baada ya mwezi. Cheti cha polisi kiliisha muda wake wakati kinasubiri tafsiri ya cheti cha shule. Tafsiri ilirudishwa kwa kuwa mhuri ulipigwa juu ya jina badala ya pembeni. Khala aliacha kula mchana ili apate muda wa kupanga foleni. Uso wake kwenye simu ulianza kuwa mwembamba, macho yakawa makubwa, na alipokuwa akirudia mistari yangu alirudia kwa haraka, kama mtu anayefukuzwa. Mama alikuwa akiingia bafuni, anafungua bomba la maji, halafu anatoka baada ya muda mrefu na mikono mikavu. Nilidhani bomba lina kasoro.

"Asma," khala aliniuliza siku moja, "wakiniuliza kwa nini Ubelgiji, niwaambie nini?"

"Waambie kwa sababu sisi tuko hapa."

"Hiyo wao wasema si sababu. Wataka sababu ya masomo." Akajifuta macho na kipande cha pazia. "Mimi sina mahali pengine, mwanangu. Hiyo nayo si sababu."

Nikamwambia asome mstari unaofuata.

Katika nyumba yetu kulikuwa na sheria moja iliyozidi zote, na naamini wengi wenu mmelelewa nayo: safari haitangazwi. Mtu anayesafiri, au anayesubiriwa, hatajwi mpaka awe ameketi sebuleni na viatu amevua. Mama alikuwa na mfano wake, binamu yake Idi wa Buyenzi, kule Bujumbura, aliyechinja mbuzi na kualika mtaa mzima kuaga, akafika uwanja wa ndege, akarudishwa. Alirudi nyumbani nyama ya mbuzi haijaisha. "Macho ya bantu ni mabaya," mama alikuwa akisema, akimaanisha watu wote. "Na midomo yao ni mibaya kuliko macho." Mimi nililichukua jambo hilo kama lilivyosemwa. Nilielewa kwamba safari ni kama wali uliopaliwa makaa, ukiufunuafunua hauivi. Kila mtu anayejua, mvuke kidogo unatoka. Nilikuwa na hakika kwamba khala atakuja au hatakuja kutokana na mdomo wangu.

Mama alinifanyisha mazoezi, kama nilivyokuwa nikimfanyisha khala.

"Wakikuuliza nani anakuja?"

"Hakuna muntu."

"Mwalimu akikuuliza?"

"Hakuna muntu."

"Na kile kitanda?"

"Ni cha wageni tu, mama."

"Voilà," alisema, akanibusu kwenye paji la uso.

Kitanda chenyewe kilitoka kwa Maman Béa. Alikaa mlango unaotazamana na wetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha jengo, na ndiye aliyekuwa rafiki pekee wa mama mjini humu. Mwanawe alikuwa amehama, kitanda kimebaki. Maman Béa na papa walikivusha korido vipande vipande, huku akitoa amri kama fundi mkuu.

"Munangoya mugeni?" alimuuliza mama, amejishika kiuno.

"Hapana. Ni cha Asma, anakua."

Maman Béa aliniangalia, akaangalia kitanda changu cha zamani ambacho bado miguu yangu haikufika mwisho, akacheka. "Bon. Mungu amulete salama, ule Asma mwingine."

Mama hakucheka. Niliona jinsi alivyokaza midomo, nami nikahisi mvuke umetoka.

Jumatano shule za huku hufungwa mchana, na siku hizo nilikaa kwa Maman Béa mpaka mama arudi. Aliacha mlango wake wazi, nami niliruhusiwa kwenda na kurudi kwetu kuchukua vitu, ila si kufungulia watu. Jumatano moja, karibu na mwisho wa mwaka wa shule, yeye alikuwa anatwanga pondu, yaani kisamvu, na redio imepandishwa, mimi nimekwenda kwetu kuchukua daftari, kengele ikalia. Nikachungulia tundu la mlango. Alikuwa polisi. Polisi si mtu wa kuachwa nje, nikafungua.

Alikuwa mtu mpole, mwenye upara, ameshika kofia mkononi. Aliuliza kama wazazi wapo. Nikasema wako kazini, jirani ananiangalia. Akasema haina shida, ana maswali mawili matatu tu. Tunaishi watu wangapi? Watatu. Chumba kile cha pili ni cha nani? Changu. Akatazama ndani kupitia mlango uliokuwa wazi, akaviona vitanda viwili.

"Na hicho kingine?"

"Cha wageni tu, bwana."

"Kuna mtu wa familia anayetarajiwa kuja kukaa nanyi? Msichana, labda, anayekuja kusoma?"

Alijua. Kuna mtu amemwambia. Siri yetu ilikuwa imeshaanza kuvuja, imefika mpaka polisi, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuiziba ila mimi. Papa hakuwa ameambiwa na yeyote kwamba mtu angetumwa kuja kuhakikisha. Hata angejua, asingenieleza mimi.

"Hapana, bwana," nilisema kwa Kifaransa changu kizuri kabisa. "Hakuna mtu anayekuja."

"Una hakika? Dada yake mama yako?"

"Mama yangu hana dada."

Aliandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko jibu langu. Kisha akaniambia ninazungumza Kifaransa kizuri sana, akaniaga, akashuka. Nilifunga mlango nikasimama nyuma yake, nimejaa furaha. Nilikuwa nimemwokoa khala. Nilirudi kwa Maman Béa nikala pondu sahani mbili, na sikumwambia yeye, wala mama, wala papa, kwa sababu kusema kungekuwa kufunua chungu. Pia nilikuwa nimefungua mlango, na hilo nalo lilikuwa na bakora yake.

Jibu lilikuja mwishoni mwa likizo kubwa, chuo kikiwa karibu kufunguliwa. Barua ilipelekwa kwa khala, kule kwao. Alipiga simu mchana, na mama akaishika kwa mikono miwili, mimi nimesimama nyuma ya bega lake.

"Wamekataa, dada," alisema khala.

"Wamesema nini? Soma."

"Hawakusema kitu."

"Karatasi nzima, Rahma, haina sababu?"

Khala alinyanyua macho kutoka kwenye karatasi. Hakumtazama mama, alitazama nyuma ya mama, pale nilipokuwa mimi. Akarekebisha mtandio wake.

"Haina sababu, dada. Wamekataa tu."

Mama aliketi chini, sakafuni, na simu mkononi. Sijawahi tena kusikia mtu akilia vile, bila kufungua bomba. Alikuwa akisema jina la mdogo wake na jina la mama yao kule Sib, na kwamba alimwahidi, na kwamba ni yeye aliyempa mtoto wa watu matumaini. Papa aliporudi alikaa kwenye kiti na viatu vyake vya kazini mpaka chakula kikapoa. Mimi niliona dunia imekwisha, lakini nilikuwa na faraja moja ya aibu: si kwa mdomo wangu.

Kesho yake mama aliamka amekauka. "Kuna muntu alisema," alimwambia papa. Papa akasema ofisi ni ofisi, zinakataa kila siku. "Kuna muntu alisema," mama akarudia, akanigeukia. "Asma. Ulimwambia muntu?"

"Hapana, mama."

"Apa."

"Wallahi, mama. Sikusema."

Na ilikuwa kweli, hilo ndilo linaloniua mpaka leo. Mama aliniamini papo hapo. Basi akabaki mtu mmoja tu aliyejua, aliyesema mbele yetu wote, "Mungu amulete salama."

Alikifungua kitanda mwenyewe, kwa bisibisi ya papa, na mimi nikimshikia skrubu. Akakitoa mbao moja moja, akaziegemeza kwenye ukuta wa korido, mbele ya mlango wa Maman Béa. Kelele zilimtoa Maman Béa nje, na aproni yake.

"Mama Asma, ni nini? Kitanda imevunjika?"

"Chukua kitu yako."

"Mais pourquoi? Juu ya nini? Nilikupatia."

"Ulitupatia na jicho lako, na mdomo wako. Mudogo wangu wamemukatalia. Nani mwingine alijua?"

Maman Béa alijishika kifua. "Mi?" alisema. "Mi nilimuombea ule mutoto. Kila asubui. Jina yake sijui, lakini nilimuombea." Kisha akanitazama mimi. "Asma, ambia mama yako. Wewe unanijua."

Nilikuwa na skrubu nne kiganjani. Nilimjua, ndiyo. Alinisuka nywele, alinipa pondu, alinifumia soksi. Nilimtazama kwa chuki yote ya mtoto wa miaka tisa, nikazitupa zile skrubu miguuni mwake, nikaingia ndani.

Mbao zilikaa kwenye korido siku nyingi, maana hakuna kati yao aliyekubali kuzigusa. Mwishowe mlinzi wa jengo akazichukua na takataka.

Niliujua ukweli baada ya shule kufunguliwa, kwenye uwanja wa mchezo, nikila mkate. Mwenzangu mmoja, Mariama, ambaye wazazi wake walitoka Guinea, alikuwa akisimulia kwamba mjomba wake amepata karatasi, na kwamba polisi alikuja nyumbani kuangalia kama ni kweli ataishi pale. "Lazima wakija useme ndiyo," alisema, kama anayetueleza kanuni ya mchezo. "Ukisema hapana, wanakataa." Wenzangu wakaendelea kula. Mimi niliomba ruhusa nikaenda msalani, nikafungua bomba, na hapo ndipo nilipoelewa bomba letu la nyumbani lilikuwa na nini.

Ningeweza kusema siku hiyo hiyo. Nilikuwa na sentensi yote kichwani, kwa lugha mbili. Nilifika nyumbani nikamkuta mama amelala amefunika uso, nikajiambia kesho. Kesho yake nikajiambia kesho. Wenye tabia hiyo wanaijua: uwongo wa siku moja unaweza kuubeba mkononi, wa mwezi unabebwa kichwani, na wa mwaka unakukalia wewe.

Khala aliendelea kupiga simu saa ile ile. Alikuwa ameandika rufaa kwa mkono wake, kwa Kifaransa, akataka niisahihishe kabla muda haujapita. "Mwalimu, hata makosa madogo tu," aliniomba. "Nisimamishe ukitaka." Nilimwambia nina kazi ya shule. Siku ya pili nikamwambia naumwa. Siku ya tatu niliona jina lake linawaka kwenye simu nikaigeuza kifudifudi juu ya meza, ikatetemeka, ikatetemeka, ikanyamaza. Alituma rufaa na makosa yake. Haikujibiwa. Mwaka ule ukapita, na nafasi yake chuoni ikapita nao, na mjomba Saidi akamkabidhi funguo za duka.

Sasa rudini nami kwenye wiki ile ya mazishi. Kutoka kanisani nilikwenda kwa wazazi wangu. Mama alikuwa jikoni anakaanga samaki, hakuuliza nimetoka wapi ingawa nilivaa nyeusi. Nikaenda kwenye chumba changu cha zamani, nikampigia khala Rahma. Alikuwa dukani, na pini tatu mdomoni. Ana watoto wawili sasa na mafundi sita chini yake, na mapazia yake yanajulikana Sib nzima. Nikamwambia nina jambo, azitoe pini. Nikamsimulia lote, kuanzia kengele mpaka "mama yangu hana dada." Nililia kama mtoto, pua na kila kitu.

Aliniacha nimalize.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, khala?"

"Iliandikwa. Kwamba mtoto wa mdhamini, mwenye umri wa miaka tisa, alieleza hakuna anayetarajiwa, na kwamba mama yake hana dada. Nilisoma mwenyewe, Asma. Ilikuwa karatasi yangu ya kwanza ya Kifaransa niliyoisoma mpaka chini bila kufungua kamusi." Akatabasamu kidogo, akitazama pembeni. "Nikwambie kweli? Kabla sijalia, nilifurahi."



"Ulikuwa mtoto," akaendelea. "Ningemwambia dada, angekuchapa, na mimi nisingepata visa. Nikaona basi, aumie mmoja. Mimi nimeshapoa. Na hakuna mwingine aliyeumia."

Hapo ndipo nilipolazimika kumwambia habari za Maman Béa, za mbao zile kwenye korido, na za mahali nilipotoka asubuhi ile. Khala hakuwa amewahi kuzisikia. Nyuma yake cherehani zilikuwa zikilia, akanyoosha mkono akawaashiria mafundi wasimame, zikanyamaza zote.

"Dada anajua?"

"Hapana."

"Mpelekee simu," alisema. "Sasa hivi, Asma. Usiikate."

Nilikwenda jikoni nimeinyoosha simu mbele yangu. Mama alifuta mikono kwenye aproni, akauliza ni nani. Nikasema ni khala Rahma, lakini kwanza mimi. Nilisema nimesimama, kwa Kiswahili, bila kuficha neno, na khala kutoka kwenye simu akawa anasema, "Ni kweli, dada. Ni kweli." Samaki waliungua. Mama hakuwageuza wala hakuzima moto, ni mimi niliyezima. Nilisubiri anipige, ningeshukuru. Alivuta kiti akakaa, akautazama mlango wa kutokea korido.

"Alikuwa ananiambia bonjour ku lifti," alisema. "Kila siku, mpaka juzi juzi, na fimbo yake. Mimi nilikuwa naangalia namba za ghorofa."